Mtoto Huyu Hasikii!

Je, ni ukaidi, au ni mlango wa fahamu ambao haujafunguka vizuri? Kabla ya kushika fimbo, mama afahamu jinsi mtoto anavyoona, anavyosikia na anavyotambua.

Ni maneno tunayoyasema karibu kila siku: "Mtoto huyu hasikii!" Tunayasema tukiwa jikoni, tukiwa shambani, hata mbele ya wageni. Hatumaanishi kwamba masikio yake ni mabovu. Tunamaanisha kwamba ni mkaidi. Tumemtuma chumvi akaendelea kucheza. Tumemkataza kuchezea moto akarudi palepale. Wazee wetu nao walituachia methali ya kumwonya mtoto wa namna hiyo: asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Lakini hebu tujiulize, akina mama. Katika lugha yetu neno "kusikia" lina maana zaidi ya moja. Masikio hupokea sauti, huko ni kusikia. Moyo unakubali kutii, huko nako ni kusikia. Ni mara ngapi tumemwadhibu mtoto kwa ajili ya maana ya pili kabla ya kuhakikisha ile ya kwanza?

Swali hili si dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watoto wapatao milioni 34 duniani wana upungufu wa kusikia unaohitaji msaada. Hawana jeraha wala kilema kinachoonekana. Ukimtazama mtoto wa namna hiyo akicheza uani, humtofautishi na wenzake. Anaruka, anacheka, anakimbia. Ila akiitwa, "hasikii". Basi anapigwa, anaitwa mjinga, shuleni anakaa nyuma, na nyumbani watu wanaanza kunong'ona kwamba mtoto huyu ana mambo yake. Wakati huo wote miaka inapita, na kama tutakavyoona, miaka hiyo ndiyo mali yenyewe.

Mlango na aliye ndani ya nyumba

Shuleni tulifundishwa kwamba binadamu ana milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Jina hilo ni zuri sana. Mlango hupitisha mgeni, lakini anayemtambua mgeni ni mwenye nyumba aliyeko ndani. Wataalamu wa saikolojia wanatenganisha mambo hayo mawili. Kuhisi ni kazi ya mlango: jicho kupokea mwanga, sikio kupokea sauti, ngozi kupokea joto. Kutambua ni kazi ya ubongo: kuelewa kwamba mwanga ule ni uso wa mama, na sauti ile ni jina langu.

Tuchukue jicho. Mwanga unapita kwenye mboni na kutua nyuma ya jicho, kwenye utando mwembamba uitwao retina. Picha inayotua pale ni ndogo, tena imepinduka, juu chini. Hata hivyo hatuoni watu wakitembea kichwa chini miguu juu. Ubongo umejifunza kuifahamu picha hiyo ilivyo.

Sikio nalo lina safari yake. Sauti inagonga kiwambo cha sikio kama vidole juu ya ngoma. Kiwambo kinatikisa vifupa vitatu vidogo sana, vifupa vinatikisa majimaji ya sikio la ndani, na humo vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho vinaugeuza mtikisiko kuwa habari inayopelekwa na mshipa wa fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo ikikatika mahali popote, mtoto hatasikia, hata kama masikio yake kwa nje ni mazuri ya kutobolewa hereni.

Swali la mume ambaye mke wake alipofuka

Mwaka 1688 bwana mmoja wa Dublin, Ireland, aitwaye William Molyneux, alimwandikia barua mwanafalsafa John Locke na kumuuliza swali. Mtu aliyezaliwa kipofu amezoea kutambua kwa kupapasa kitu cha mviringo kama mpira na kitu chenye pembe kama sanduku. Siku moja anafunguliwa macho. Je, akivitazama tu bila kuvigusa, atajua kipi ni kipi? Huenda si ajabu kwamba swali hilo lilitoka nyumbani kwake, kwa maana mke wake Lucy alipoteza uwezo wa kuona muda mfupi baada ya ndoa yao.

Jibu lilianza kupatikana miaka arobaini baadaye. Mwaka 1728 daktari mpasuaji wa Uingereza, William Cheselden, alichapisha habari za mvulana wa miaka kama 13 aliyekuwa na mtoto wa jicho tangu utotoni kabisa. Baada ya kupasuliwa, mvulana huyo hakuona kama sisi tunavyoona. Alidhani kila kitu kinamgusa macho. Alimwona paka na mbwa akashindwa kujua yupi ni yupi, ingawa kwa kuwashika aliwafahamu vizuri. Siku moja akamkamata paka, akampapasa, kisha akamtazama kwa makini muda mrefu ili siku nyingine amjue kwa macho. Ilimchukua miezi kama miwili kuelewa kwamba picha ukutani ni mfano wa kitu.

Katika miaka yetu hii, Profesa Pawan Sinha, mzaliwa wa India anayefundisha Marekani, amewasaidia watoto wengi vipofu wa India kupata matibabu, na papo hapo akajifunza namna wanavyoanza kuona. Mwaka 2011 yeye na wenzake walitoa matokeo ya watoto watano wenye umri kati ya miaka 8 na 17. Walipotoka tu kwenye matibabu, hawakuweza kulinganisha kwa macho kitu walichokishika kwa mikono. Baada ya siku chache tu walianza kuweza.

Wasomaji wa Injili ya Marko watakumbuka yule kipofu wa Bethsaida, ambaye mwanzoni aliona watu lakini hawakumjia kama watu. Macho kufunguka ni hatua ya kwanza. Kutambua kunafundishwa. Na mwalimu wa kwanza wa kazi hiyo, akina mama wenzetu, ni sisi.

Masomo yanaanza tumboni

Kuna bibi anayemwambia mkwewe mjamzito, "Mwanangu, ongea na huyo aliye tumboni, anakusikia." Bibi huyo hakukosea. Katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, masikio ya mtoto yanafanya kazi. Mwaka 1980 wataalamu wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, waliwapa vichanga wasiozidi siku tatu chuchu ya bandia iliyounganishwa na chombo cha kutoa sauti. Mtoto akinyonya kwa mwendo fulani, anasikia sauti ya mama yake. Akinyonya kwa mwendo mwingine, anasikia sauti ya mama mwingine. Vichanga hao walijifunza upesi kunyonya kwa mwendo unaowaletea sauti ya mama yao.

Pua nayo haiko nyuma. Mwaka 1975 Aidan Macfarlane wa Uingereza alionyesha kwamba mtoto wa siku chache huelekeza kichwa chake zaidi kwenye kitambaa kilichokaa kwenye titi la mama yake kuliko kitambaa cha mama mwingine. Ulimi je? Kichanga hupenda utamu na hukunja uso kwa uchungu. Tena ladha za chakula anachokula mama hupita kwenye maji ya tumboni na kwenye maziwa. Wataalamu wa Philadelphia, Marekani, walichapisha mwaka 2001 kwamba watoto ambao mama zao walikunywa maji ya karoti wakati wa ujauzito au wa kunyonyesha walipokea vizuri zaidi uji wenye ladha ya karoti. Hivyo mama anayekula mchicha na matembele wakati wa kunyonyesha anamzoesha mtoto chakula cha nyumba yake.

Macho ndiyo yanayochelewa. Mtoto mchanga anaona vizuri kiasi tu kitu kilicho umbali wa sentimeta 20 hadi 30. Umbali huo ni karibu sawa na ule uliopo kati ya uso wa mtoto anayenyonya na uso wa mama yake. Robert Fantz wa Marekani alionyesha mwaka 1961 kwamba watoto wachanga hutazama kwa muda mrefu zaidi picha yenye sura ya mtu kuliko alama zisizo na mpangilio. Basi mama unaponyonyesha, usitazame televisheni au simu muda wote. Mtazame mwanao. Uso wako ni kitabu chake cha kwanza.

Na anausoma kweli. Mwaka 1985 wataalamu wa Marekani, James Sorce na wenzake, waliwaweka watoto wa mwaka mmoja juu ya meza ya kioo iliyotengenezwa ionekane kama ina shimo katikati. Ng'ambo walisimama mama zao. Mama alipoonyesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Mama alipoonyesha uso wa hofu, kati ya watoto 17 hakuvuka hata mmoja. Mama hakusema neno lolote. Mtoto aliona kitu kisichoeleweka, akageuka kumuuliza mama kwa macho, na uso wa mama ukamjibu.

Kwa nini tusingoje

Hapa ndipo penye jambo zito. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona na kusikia katika miaka yake ya mwanzo, na nafasi hiyo haibaki wazi vilevile maisha yote. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi.

Wataalamu David Hubel na Torsten Wiesel walilichunguza jambo hilo kwa watoto wa paka kuanzia miaka ya 1960. Waliziba jicho moja la mtoto wa paka katika miezi yake mitatu ya kwanza. Walipolifungua baadaye, jicho lilikuwa zima, lakini sehemu ya ubongo inayohusika na kuona ilikuwa imelisahau na kuliacha jicho la pili lichukue nafasi. Paka mzima alipozibwa jicho kwa muda huohuo hakupata madhara hayo. Kwa kazi yao wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Ndivyo inavyoweza kuwa kwa mtoto mwenye kengeza, au mwenye jicho moja lenye ukungu. Ubongo unapokea picha mbili zisizopatana, mwisho unaichagua moja na kuiacha nyingine. Jicho lililoachwa linazidi kudhoofika. Mtoto halalamiki, maana anaona kwa jicho la pili, na hajui kwamba wengine wanaona kwa yote mawili. Akipelekwa mapema, daktari anaweza kumpa miwani, au kuziba lile jicho zuri kwa saa kadhaa kila siku ili jicho legevu lifanye kazi. Matibabu hayo hufaa zaidi kabla ya miaka kama 7. Hata aliyechelewa apelekwe, kwa maana wale watoto wa India wametufundisha kwamba ubongo bado una uwezo wa kujifunza mengi. Ila aliyewahi hupata zaidi.

Kwa masikio ni hivyohivyo. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees wa Kanada walionyesha kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 8 anaweza kutofautisha hata sauti za lugha ambazo hajawahi kuzisikia nyumbani kwao. Akikaribia mwaka mmoja, uwezo huo unapungua sana na masikio yake yanazoea lugha ya nyumbani. Ndiyo sababu mtu aliyekulia katika lugha isiyotenganisha "r" na "l" hupata taabu ukubwani kuzitenganisha. Usimcheke, masikio yake yalifundishwa hivyo angali mikononi mwa mama yake.

Sasa fikiri habari za mtoto ambaye katika miezi hiyo hapati sauti yoyote, au anapata vipande tu. Tunangoja aongee. Mwaka wa kwanza unapita, baba anasema, "Mwache, hata mimi nilichelewa kuongea." Mwaka wa pili unapita, jirani anashauri akatwe kilimi. Mwaka wa tatu ndipo tunakwenda hospitali. Wataalamu wanashauri kwamba mtoto apimwe masikio kabla ya kutimiza mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6. Huenda kipimo hicho hakipo katika zahanati ya karibu nawe, lakini hiyo isiwe sababu ya kukaa kimya. Kila unapokwenda kliniki kumpima uzito, uliza.

Sikio linalosikia leo na kesho halisikii

Kuna tatizo moja linalowadanganya wazazi wengi. Baada ya mafua, maji mazito yanaweza kubaki nyuma ya kiwambo cha sikio. Mtoto haumwi wala hana homa, lakini anasikia kama mtu aliyezama kichwa kwenye pipa la maji. Wiki hii anasikia, wiki ijayo hasikii. Mama anasema, "Akitaka anasikia huyu. Jana nilimnong'oneza pipi akasikia!" Hapo ndipo fimbo inapochukuliwa.

Mara nyingi maji hayo hukauka yenyewe katika muda wa miezi mitatu hivi. Yasipokauka, au yakirudi kila mara, mtoto huchelewa kuongea na kushika masomo, na anahitaji kuonwa na daktari wa masikio. Sikio linalotoa usaha lisichukuliwe kuwa ni jambo la kawaida la utoto. Usaha usiotibiwa hutoboa kiwambo na kuharibu usikivu.

Aina tatu za "hasikii"

Kuna jambo jingine ambalo lazima tuliseme ili tusiwaonee watoto wala tusiwadekeze. Wakati mwingine masikio ni mazima kabisa, lakini mawazo yako mahali pengine. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris wa Marekani waliwaonyesha watu filamu fupi ya vijana wakirushiana mpira, wakawaomba wahesabu mara ngapi mpira umerushwa. Katikati ya mchezo akapita mtu aliyevaa vazi la sokwe, akasimama, akajipiga kifua, akaenda zake. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona! Macho yao yalikuwa wazi, lakini akili ilikuwa kwenye kuhesabu.

Ikiwa mtu mzima anaweza kukosa kuona sokwe, je, mtoto wa miaka minne anayejenga nyumba ya mchanga hawezi kukosa sauti ya mama inayotoka jikoni? Nasi wenyewe tuko hivyo. Mara ngapi mume ameongea, tukaitikia "ee", na baadaye hatukumbuki alisema nini?

Kwa hiyo kuna "hasikii" ya sikio, "hasikii" ya mawazo, na "hasikii" ya moyo. Kila moja ina dawa yake, na dawa ya moja haiponyi nyingine. Fimbo haifungui sikio lililoziba. Tunashauri mama afanye hivi:

1. Acha kupiga kelele kutoka mbali. Mwendee mtoto, mguse begani, inama uso wako uwe sawa na wake.

2. Mwite jina, ngoja akutazame, kisha sema jambo moja tu kwa maneno machache.

3. Mwombe akuambie ulichosema.

Akirudia vizuri na kwenda kutenda, basi tatizo lilikuwa mawazo, na sasa umejua namna ya kumwita. Akirudia vizuri kisha akakataa makusudi, huo ni ukaidi. Mrudi kwa upole na kwa msimamo, kama mzazi. Lakini kama kila mara anakisia, anasema "nini?", au anakutazama mdomo sana kana kwamba anasoma, usimwadhibu. Mpeleke akapimwe.

Dalili za kuangaliwa

Masikio:
– Kichanga hashtuki kabisa kwa kishindo kikubwa.
– Mtoto wa miezi 6 au zaidi hageuki kutafuta sauti inayotoka nyuma yake.
– Alikuwa akibwabwaja, kisha akanyamaza.
– Ana mwaka mmoja na haitiki jina lake. Ana miaka miwili na haungi maneno mawili.
– Anaongeza sauti ya redio au televisheni kupita wengine.
– Anasikia vizuri mnapotazamana, lakini akipewa mgongo hasikii.

Macho:
– Mboni inaonekana nyeupe, au kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga mkali jicho moja linang'aa jeupe. Hii ni dalili ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo bila kungoja, maana inaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya jicho.
– Baada ya miezi mitatu au minne macho bado hayaelekei mahali pamoja.
– Hatazami uso wa mama wala hafuati kitu kinachosogezwa mbele yake.
– Anainamisha kichwa upande mmoja, anafumba jicho moja, au anasogelea mno kitabu.

Mama ukiona hata moja, usilie wala usijilaumu, na usikubali kulaumiwa. Anza na kituo cha afya kilicho karibu, kisha uombe barua ya kwenda hospitali kubwa. Kwa wasomaji wa Tanzania, hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam na KCMC ya Moshi zinapasua macho ya watoto. Muhimbili imeanza tangu mwaka 2017 kuwawekea watoto viziwi kifaa maalumu cha usikivu ndani ya sikio. Kwa wa Kenya, hospitali ya macho ya Kikuyu inajulikana kwa kazi hiyo. Kuna na vifaa vya kuvaa sikioni ambavyo huwasaidia watoto wengi.

Na ikiwa mtoto atabaki kiziwi, bado hajapotea. Mpe lugha ya alama mapema, nawe ujifunze pamoja naye, pamoja na baba na ndugu zake. Ubongo unahitaji lugha; iwe inaingia kwa masikio au kwa macho, itamjenga. Zipo shule za watoto viziwi, kama ile ya Buguruni, Dar es Salaam, na ile ya Tabora iliyoanzishwa mwaka 1963.

Kinga iko mikononi mwetu

Shirika la Afya Duniani linasema kiasi cha asilimia 60 ya upungufu wa kusikia kwa watoto hutokana na mambo yanayoweza kuzuilika. Basi tushike haya machache.

Chanjo zisikosekane. Surua inaweza kupofusha na kuharibu masikio. Rubela ikimpata mama katika miezi ya mwanzo ya mimba, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi, ana mtoto wa jicho, au vyote pamoja. Chanjo ya surua na rubela kwa pamoja ilianza kutolewa Tanzania mwaka 2014 na Kenya mwaka 2016. Matone ya vitamini A hutolewa kila baada ya miezi sita kwa watoto kuanzia miezi 6 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, usiyapitishe. Mboga za majani, maembe, mapapai na viazi vitamu vya rangi ya njano vinasaidia nyumbani.

Usichokonoe masikio ya mtoto kwa njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku wala pamba ya kijiti. Nta ya sikio ni ulinzi, na hutoka yenyewe. Usimimine mafuta ya moto wala maji ya majani sikioni. Usitie maziwa ya titi wala dawa za kienyeji kwenye jicho linalouma. Usimzabe kofi sikioni kwa hasira. Kofi moja linaweza kupasua kiwambo. Tena dawa kali za sindano zisitumike bila agizo la mganga, maana baadhi huua usikivu.

Zaidi ya hayo, milango ya fahamu hufunguka kwa kutumiwa. Ongea na mtoto unapomwogesha. Taja majina ya vitu: hiki kikombe, hili sufuria, maji ya moto, maji ya baridi. Mwimbie. Mwache ashike unga, mchanga, jani la mgomba na ganda la nazi. Mwache anuse mdalasini na limao. Hakuna vifaa vya kuchezea vya dukani vinavyoshinda nyumba yenye mama anayezungumza.

Mwezi huu, kabla ya kusema tena "mtoto huyu hasikii", chagua siku moja tulivu. Zima redio. Simama nyuma ya mwanao hatua chache, bila yeye kuhisi kivuli chako, na umwite jina kwa sauti ya kawaida. Fanya hivyo kwa kila mtoto wa nyumbani, hata yule wa ndugu unayemlea. Kisha zibeni jicho moja kwa zamu, kama mchezo, na mwulize anaona nini mti ule kule. Jaribio hili halichukui nafasi ya kipimo cha daktari, wala mtoto akifaulu lisikuzuie kwenda kama una wasiwasi. Lakini halina gharama, na linamalizika kabla wali haujaiva.